Kabla ya kuuliza RAM, uliza famwea

Kalaptopu kangu ni ka inchi 12 na nusu, ThinkPad ya mtumba iliyovuka bahari ikiwa bado na stika ya namba ya mali ya ofisi ya watu huko Uingereza. Niliitoa Kariakoo, nikafuta Windows usiku uleule, nikaweka Debian, aina mojawapo ya mfumo wa Linux. Fundi aliyeniuzia alinipa wosia mmoja tu: "Kaka, mashine inawaka, inachaji, waifai inashika. BIOS usiiguse. Wengi wameua mashine zao hivyohivyo."

Nikamtii miezi minane. Sasa naona wosia ule ulikuwa sahihi kwa zama zilizopita, na unaendelea kurithishwa bila mtu kuuliza kama sababu yake bado ipo.

Famwea, ile ambayo mafundi wanaiita BIOS, ni programu inayokaa ndani ya chipu kwenye mazabodi. Ndiyo inayoamka kwanza unapobonyeza batani: inawasha kioo, inaikagua RAM, kisha ndipo inamwita Linux aje achukue zamu. Unaweza kufuta diski yote, hata kununua SSD mpya, yenyewe haibanduki. Kwa hiyo mtu anayejisifu kwamba mashine yake ni "safi kabisa" kwa sababu ameweka Linux mpya, chini yake kuna programu ambayo pengine haijaguswa tangu mashine itoke kiwandani.

Hofu ya mafundi haikutoka hewani. Zamani, kwa kusasisha famwea, kampuni zilitoa faili la .exe la Windows, basi. Mwenye Linux alitafuta faili la ISO la kuchoma CD, wakati laptopu ndogo nyingi hazina hata sehemu ya CD. Ilibidi uchomoe picha iliyomo ndani kwa programu ya geteltorito, uiandike kwenye flashi kwa amri ya dd, uwashe, na kuanzia hapo ni dua. Jambo likiharibika katikati, unabaki na tofali.

Hali ilianza kugeuka mwaka 2015. Richard Hughes wa Red Hat alianzisha fwupd, programu ya kusasisha famwea ndani ya Linux, pamoja na ghala la mtandaoni linaloitwa LVFS. Kampuni inapandisha famwea yake humo, na Linux yako inaichukua na kuhakiki saini kabla ya kuigusa mashine. Dell walikuwa miongoni mwa wa mwanzo, Lenovo wakaingia 2018. Kwa mtumiaji kazi yote ni amri tatu: fwupdmgr refresh, fwupdmgr get-updates, fwupdmgr update. Wasiopenda terminali wanaipata humohumo kwenye duka la programu la GNOME.

Kwangu hazikutosha tatu, na kosa lilikuwa langu. Siku naweka Debian nilikuwa nimeiacha BIOS kwenye hali ya zamani, ile ya legacy, na fwupd hubadilisha famwea kuu kwa njia ya UEFI, hali mpya iliyochukua nafasi ya ile. Nikapewa jibu fupi kwamba njia hiyo haipo. Ikabidi nihamishe mafaili yangu na kuweka Debian upya. Halafu kuna swichi ndani ya BIOS ya ThinkPad, upande wa usalama, imeandikwa "Windows UEFI Firmware Update". Mtu wa Linux akiona neno Windows anaizima kwa furaha. Usiizime! Ndiyo mlango wenyewe.

Suala la umeme nalo tunalikuza. Laptopu ina betri, na betri nzima ni ulinzi tosha umeme ukikatika. Mwenye kompyuta ya mezani ndiye wa kuogopa. Ila betri za mtumba zina siri zake. Fungua programu ya upower uone imebaki asilimia ngapi ya uwezo wake wa kiwandani kabla ya kuiamini. Yangu ilikuwa 61, nikaona inatosha, nikachomeka chaja na kusubiri saa tano usiku, mtaa ukiwa umetulia, ndipo nikatoa amri. fwupd yenyewe hukataa kuendelea betri ikiwa chini au chaja haipo.

Kilichofuata hakuna aliyekuwa ameniambia. Kioo kilikuwa cheusi. Kikaja na mstari unaosogea, kikazima, feni ikavuma kama inataka kuruka, kimya, ikajiwasha tena, giza tena. Nadhani mashine nyingi zilizouawa ziliuawa hapa: mwenyewe anaona giza, anadhani imekufa, anabonyeza batani kwa sekunde kumi, na inakufa kweli. Weka simu mbali, kanywe maji, iache. (Kama diski yako umeifunga kwa siri na kuifungulia kwa TPM, chipu inayotunza funguo, hakikisha nywila unaikumbuka, maana famwea ikibadilika TPM inaweza kukataa kufungua.)

Asubuhi sikuona tofauti yoyote. Kasi ni ileile. Sitakudanganya kwamba laptopu ilizaliwa upya. Lakini mwaka 2018 dunia iliambiwa kuhusu Spectre na Meltdown, dosari za usalama ndani ya prosesa zenyewe. Dawa ya zile kwa sehemu huja hata kwa kifurushi cha intel-microcode cha Debian, kwa hiyo usiuziwe hofu kwamba bila BIOS hakuna kinga. LogoFAIL ya Desemba 2023 ni habari nyingine: picha ya nembo inayoonekana unapowasha iliweza kutumiwa kupenyeza shari kabla mfumo haujaamka. Hapo Debian haina la kufanya, dawa iko kwenye famwea peke yake.

Na si usalama tu. Lenovo waliwahi kutoa tangazo kwa ThinkPad za 2017 hadi 2019 zenye Thunderbolt, teknolojia ya kasi inayopita kwenye tundu la USB-C: bila famwea mpya, tundu la USB-C lingeweza kuacha kufanya kazi, na kwa laptopu nyingi ndogo tundu hilo ndilo la kuchajia. Mashine za miaka hiyo ndizo zilizojaa madukani kwetu. Ongeza vyeti vya 2011 vya Microsoft vya Secure Boot, kinga inayohakiki programu ya kuwashia mfumo, ambavyo muda wake unaanza kuisha Juni 2026. Mashine haitagoma kuwaka kwa sababu hiyo, lakini vyeti vipya vinahitaji njia ya kufika, na kwa watu wa Linux njia hiyo ni fwupd hiihii.

Ndiyo maana naona tunauliza vibaya dukani. RAM ngapi, SSD ngapi, kioo kina doa? RAM mara nyingi utaongeza. Famwea ya kampuni isiyoijali Linux hutaiongeza popote. Mdogo wangu anataka laptopu ya chuo, Jumamosi tunarudi Kariakoo. Nimetafuta majina ya modeli tatu kwenye LVFS, na nimeandaa flashi ya Ubuntu. Kabla pesa haijatoka tunawasha kwa flashi, tunaandika fwupdmgr get-devices palepale kaunta tuone kama fwupd inaitambua famwea yake, kisha tunaingia BIOS kuona kama ofisi ya zamani haikuacha nywila yake. Fundi akinuna, tunahamia duka la pili.