Kompyuta ihesabu seli za usaha, au itupunguzie "amiba"?

Mgonjwa anaharisha, anapeleka kikopo maabara, baadaye anapewa karatasi: "Seli za usaha 8–10." Siku hizi kuna programu za akili unde zinazofanya kazi hiyohiyo. Kamera ya hadubini inapiga picha, kompyuta inazungushia kila chembechembe nyeupe ya damu (ndiyo hiyo seli ya usaha) mraba na kuhesabu.

Utetezi wake una uzito. Chembechembe hizi hazidumu kwenye kinyesi; sampuli ikicheleweshwa, zinaharibika. Mtaalamu mmoja mwenye rundo la slaidi hawezi kuitazama ya mwisho kwa makini kama ya kwanza, ila mashine haichoki macho.

Lakini hesabu hiyo inatuambia nini? Seli zikiwa nyingi, utumbo umevimba, kama inavyotokea kwa Shigella, bakteria wa kuhara damu. Kipindupindu kwa kawaida hakizileti. Tatizo ni kwamba hata magonjwa ya utumbo yasiyotokana na vijidudu huzileta, ndiyo maana mwongozo wa Marekani wa 2017 kuhusu kuharisha unashauri kipimo hiki kisitumike kutafuta chanzo. Mtoto anayeharisha damu huanzishiwa antibayotiki bila kusubiri hesabu. Mwenzake asiye na damu kwa kawaida anahitaji ORS na zinki. Sasa tumeharakisha nini?

Faida ninayoiona mimi iko kwingine. Seli ya usaha ina upana wa mikromita 10 hadi 12 hivi, na sisti ya amiba, yaani amiba ikiwa ndani ya ganda lake, haitofautiani nayo sana kwa ukubwa. Kwenye tone la maji ya chumvi, kiini cha seli kilichogawanyika vipande kinaweza kudhaniwa viini vinne vya sisti. (Tone la methilini bluu lingekionyesha vizuri, tena kwa bei ndogo kuliko kompyuta yoyote.) Hapo ndipo "una amiba" nyingine zinapozaliwa, na dawa ya flajili inafuata. Programu itakayotenganisha viwili hivi naipokea kwa mikono miwili.

Ila imefundishwa na nani? Picha za mafunzo huwekewa majina na binadamu. Aliyeandika amiba penye seli ya usaha ameirithisha programu kosa lake, nayo italirudia bila kusita, safari hii na asilimia ya uhakika pembeni. Hata ikifundishwa vizuri, sisti za Entamoeba histolytica, amiba inayoleta ugonjwa, na za Entamoeba dispar, isiyodhuru, zina sura moja. Kuzitofautisha kunahitaji kipimo cha antijeni au cha vinasaba.

Muuzaji akinijia na mashine hii, sitamuuliza inahesabu slaidi ngapi kwa saa. Nitamuuliza zile picha zilizoandikwa "amiba" zilithibitishwa kwa kipimo gani.