Waliobaki nyumbani nao ni watu

Yale maandamano makubwa ya haki za uzazi, ikiwemo ya kutoa mimba, pale Washington, 25 Aprili 2004, mimi niliyaona kwenye TV, nimejinyoosha kwenye kochi, na kuna rafiki yangu mpaka leo ananisema ati haki haidaiwi ukiwa umevaa malapa. Ana hoja, simkatalii. Ila kuna watu anawaonea.

Waandaaji walisema walifika watu milioni 1.15. Hii namba imenisumbua miaka yote, kwanza hakuna wa kuithibitisha, maana idara ya hifadhi za taifa inayosimamia uwanja walikokusanyika iliacha kutoa makadirio baada ya ugomvi wa maandamano ya wanaume weusi ya 1995, idara ilisema laki 4, waandaaji wakasema zaidi ya milioni na wakatishia kwenda kortini, basi tangu hapo kila mtu anajihesabia mwenyewe. Lakini haya, tuikubali ilivyo. Nani hayumo humo? Marekani karibu wanawake 6 kati ya 10 wanaotoa mimba tayari ni mama, wana watoto. Sasa mtu kama huyo Jumapili pengine ana zamu kazini, watoto hana wa kumwachia, nauli ya kufika Washington aitoe wapi? Sheria inamgusa yeye kuliko wengi waliobeba mabango, na yeye ndo yuko mbele ya TV, halafu tunamwita mvivu!

Halafu angalia Kansas. Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta hukumu ya Roe, ile iliyolinda haki ya kutoa mimba nchi nzima, tarehe 24 Juni 2022, na hata wiki sita hazijaisha, 2 Agosti, jimbo lile la kihafidhina likaulizwa kwa kura kama haki ya kutoa mimba iondolewe kwenye katiba yao. Asilimia 59 wakakataa. Nadhani wengi wao hawajawahi kushika bango maishani.

Rafiki yangu ananijibu kwamba Rais Bush, mpinzani wa utoaji mimba, alishinda tena Novemba ya mwaka uleule wa 2004, akamteua Samuel Alito kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, na Alito ndiye aliyeandika hukumu ya 2022, kwa hiyo makochi yalituangusha. Sawa, lakini hata ile milioni barabarani haikuzuia.

Ninachowapa waandamanaji ni kimoja, na si kidogo: siku ile barabara zingekuwa tupu, mimi ningekuwa naangalia mechi.