Sikuchoma Studio, Nilifukiza Jopo Tu

Hakuna kilichoungua. Hilo lijulikane kwanza, maana rumeti wangu ameshawatumia watu sauti eti nimechoma studio ya usanifu majengo. Muongo! Moshi ulikuwepo, moto haukuwepo. (Kaa moja dogo halihesabiki.)

Ilikuwa siku ya jopo, yaani walimu wanakaa kukagua miradi yetu. Mradi wangu ni maktaba ya Dar isiyo na kiyoyozi hata kimoja. Nimeilaza mashariki-magharibi ili jua la asubuhi na la jioni liishie kwenye kuta fupi. Madirisha yanapokea kaskazi na kusi, katikati kuna dohani refu, hewa ya moto ipande itokee juu. Nikawatajia jengo la Eastgate la Harare, la 1996, msanifu Mick Pearce alivyoiga kichuguu kinavyopitisha hewa. Vichwa vinaitikia. Mtu mwenye akili angeshukuru akakaa.

Mimi nikatoa chetezo cha mama. (Mama, kama unasoma, kipo salama. Kina ufa kidogo tu.)

Mpango ni ubani ufuke ndani ya modeli, moshi upande dohani, jopo lipige makofi. Usiku chumbani kwangu ulipanda wima, nikalala natabasamu. Ila chumbani kwangu hakuna pangaboi. Studio lipo, juu kabisa ya meza yangu, limewekwa namba tano.

Moshi ukapanda. Ukafika mdomoni mwa dohani. Ukachungulia. Ukapigwa upepo wa pangaboi, ukarudi chini taratibu kama mgeni aliyekosea mlango, ukatokea madirisha yote ya upande wa kaskazi, alikokaa profesa. Nikamwona anautazama unavyomjia. Na mimi bado naongea: "Hapa mnaona hewa inavyotokea juu..." Mdomo uligoma kunyamaza, jamani! Profesa akapotea, ikabaki miwani. Kikohozi. Kikohozi cha jirani yake. Nyuma kabisa mtu akakemea, "Pepo, toka!" Darasa zima chini.

Mlinzi akaingia na mtungi wa kuzimia moto, akaipaka maktaba unga mweupe mpaka msingi. Yaliyobaki mnayajua: nimepangiwa kurudia, na kantini naitwa Mganga.

Profesa alipopata pumzi, macho mekundu, alisema moja tu: "Kijana, hata Eastgate ina mafeni. Ila yale yanasukuma hewa ipande. Lako linaipiga utosini."