Vikosi vya kubahatisha

Kila inapokaribia mechi ya Ligi Kuu ya Wanawake katika Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma, watabiri wetu hututangazia kikosi ambacho hawakukifanyia kazi hata kidogo. Juzi, tukiwa kijiweni tunakunywa kahawa, mchambuzi mmoja wa redio alisoma majina kumi na moja, na la tatu lilikuwa la beki wa kushoto aliyekwisha kuhama tangu msimu uliopita, jambo ambalo hata muuza kahawa alilijua.

Mfumo nao ni ule ule wa 4-3-3, yaani mabeki wanne, viungo watatu na washambuliaji watatu, bila kutajiwa kiungo mkabaji ni nani, wala kama mawinga watarudi kuwasaidia mabeki wa pembeni. Kisha tunaambiwa kuwa mabinti wana ari. Ari tunaijua! Ligi hii ndiyo iliyowatoa Simba Queens, walioshika nafasi ya nne katika Ligi ya Mabingwa Afrika ya Wanawake mwaka 2022 nchini Morocco, kwa hiyo mashabiki wake tunastahili kuelezwa nani atapiga kona na nani atamkaba mshambuliaji wa kati wa wapinzani.

Kwa mechi za wanaume, watu hao hao hubishana nusu saa nzima juu ya goti la kiungo mmoja. Nawaomba waende mazoezini jioni moja tu, wamuulize kocha nani ni majeruhi na nani anatumikia adhabu ya kadi, ndipo waje kututabiria.