Sindano tatu, viungo viwili

Mama mmoja wa Mombasa, jirani yangu hapa Marekani, alinijia na bahasha ya bili. Miaka ya kuinua wagonjwa kwenye nyumba za wazee imemmaliza kiuno, na daktari alikuwa amemuunguza neva za mgongo kwa joto la mawimbi ya redio ili zisipeleke maumivu. “Mwanangu, hebu nisomee,” akasema. “Nilichomwa sindano tatu, upande wa kulia tu, nao wamehesabu tatu. Lakini roho yangu haijatulia.”

Roho yake haikumdanganya. Kazi yangu ni bili za matibabu, na kosa hili nimekutana nalo mara nyingi. Kila kiungo kidogo kinachounganisha pingili za mgongo hupata hisia kutoka neva mbili, na viungo jirani hushirikiana neva moja. Ukiunguza neva tatu zinazofuatana, umetibu viungo viwili. Tangu 2012 namba za malipo za Marekani zinahesabu viungo, si neva wala sindano: 64635 kwa kiungo cha kwanza cha kiunoni, 64636 kwa kila kinachoongezeka. Bili ya mama ilikuwa na 64635 mara moja na 64636 mara mbili, yaani viungo vitatu. Alitozwa kiungo ambacho hakikuguswa, na kwa mgonjwa wa Medicare, bima ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, asilimia 20 ya gharama iliyokubaliwa kwa kawaida hutoka mfukoni mwake. (Eksirei inayoongoza sindano nayo imo ndani ya namba hizo. Ukiiona imetozwa kando, uliza.)

Tuliomba bili yenye mchanganuo na ripoti ya daktari. Ripoti ilitaja viungo viwili. Kliniki ikarekebisha bila ubishi, lakini nani angeuliza kama mama angenyamaza?

Kinachoniuma zaidi hutokea kabla ya hapo. Kabla ya kuunguza, Medicare hutaka vipimo viwili vya sindano ya ganzi, kuona kama neva hizo ndizo chanzo cha maumivu, na kila kimoja kipunguze maumivu kwa angalau asilimia 80. Vipimo hivyo vina bili yake. Wengi hudhani ndiyo matibabu yenyewe, ganzi ikiisha wanaona wametupa pesa. Halafu nesi huuliza: yamepungua kwa asilimia ngapi? Mzee wetu hujibu, “Alhamdulillahi, afadhali.” Kwetu hilo ni jibu la heshima. Kwenye faili, “afadhali” haina namba, na bima inaweza kukataa kulipia kilichokuwa kimemsaidia kweli.

Naona ni wajibu wa kliniki kumweleza mgonjwa haya kwa lugha anayoielewa, kabla hajatia saini. Hadi hapo, nawaambia wazee waandike saa kwa saa baada ya sindano: nimeinama, nimepanda ngazi, nimesujudu bila kushika kiti. Mama aliandika hivyo kwenye kipimo chake cha pili, na nesi akainakili karatasi yake yote kwenye faili.