Babu wa vichekesho gani huyo?
Kuna watu wanasema eti Master Roshi, yule mzee mwalimu wa mapigano kwenye katuni ya Kijapani Dragon Ball, kawekwa pale kuchekesha tu, Goku, shujaa wa hadithi, hajajifunza kitu kwake?? Hapana bana. Tabia zake kwa wasichana ni za hovyo, hapo simtetei, ila angalieni mazoezi, Goku na mwanafunzi mwenzake Krillin wanagawa maziwa alfajiri kwa miguu, wanalima shamba kwa mikono mitupu, mgongoni gamba la kobe kilo 20 baadae 40, siku wanavua wanaruka juu mpaka wenyewe wanashangaa. Halafu Roshi anaingia mashindano ya mapigano kwa jina la uongo, Jackie Chun, anamtoa Goku fainali makusudi ili dogo asijione kamaliza. Kati yake na yule paka Karin, aliyemfundisha Goku baadae, nyie mnampa nani ualimu?