Eti "usiwaze, utauita"

Kuna ushauri umenichosha: "Usiwaze ugonjwa kurudi, utauita." Anaambiwa mtu mwenye bipola, ugonjwa wa akili unaomtupa mtu kati ya sonona (huzuni nzito) na mania (msisimko uliopitiliza). Katoka juzi tu kwenye sonona, na akicheka kwa nguvu anajiuliza kama mania ndiyo inaanza. Eti asiwaze. Kana kwamba bipola ni paka, ukimnyamazia atapita zake.

Bipola hurudi, kwa hiyo hofu hiyo haikutoka hewani. Ubaya wake ni kwamba inashtukia kila kitu. Ipe vitu vichache vya kulinda.

Usingizi kwanza, na hapa sitanii. Ukilala muda wa saa 4 ukaamka hoi, macho mazito, huo ni usiku mbaya tu. Ukilala muda huohuo ukaamka umewaka, maneno yanakimbizana, uchovu hakuna, na usiku wa pili ikawa hivyohivyo, mpigie daktari. Usingoje zile siku 7 za kwenye vitabu. Hizo ni za kuipa mania jina, wakati huo nyumba imeshaungua.

Andika ulilala saa ngapi, uliamka saa ngapi, na namba moja ya hali ya moyo, kuanzia -5 (chini kabisa) hadi +5 (juu kabisa). Mara moja kwa siku, basi. Anayejipima kila saa anailisha hofu yenyewe. Siku moja ya +2 ni furaha, ifaidi na wewe.

Halafu karatasi, iandikwe ukiwa mzima. Usiandike "napata nguvu nyingi", hilo halimsaidii mtu. Andika "natuma meseji usiku wa manane kwa watu niliopotezana nao miaka". Andika nani atashika kadi ya benki, nani atampigia daktari, dawa ipi ilikusaidia na ipi ilikuvuruga. Nakala apewe mtu mmoja mliyekubaliana kwamba akisema "umeanza kubadilika", hambishani. Mania ikipanda, mwenyewe huiona kama uzima. Ndiyo maana mkataba unafungwa mapema.

Dawa zina makala yake, ila hili lisisubiri: lithiamu, dawa ya kutuliza hali ya moyo kwa wenye bipola, haiachwi ghafla kwa sababu umejisikia vizuri. Kuikata mara moja huongeza hatari ya ugonjwa kurudi. Daktari huipunguza kwa wiki kadhaa, ikibidi miezi. Damu ya kupima kiwango cha lithiamu hutolewa ukipita muda wa saa 12 tangu dozi ya mwisho. Na ibuprofen, dawa ya maumivu ya kujinunulia, au kuhara kunakokukausha maji, huweza kupandisha lithiamu mwilini hadi ikawa sumu.

Haya, nakubali: wapo watakaofanya yote haya na bado wataugua. Lakini kumpata daktari siku ya pili si sawa na kumpata wiki ya tatu, akaunti ikiwa tupu na kazi imekwenda.

Na nyinyi ndugu, kila akicheka mnauliza, "Umemeza dawa?" Mnamfundisha kuficha kicheko. Muulizeni jana alilala saa ngapi.